Je, Aliyefika Salama Hana Hatia?

Liko swali ambalo watu wengi hulijibu upesi, nao hulijibu vibaya. Swali lenyewe ni hili: mtu akiacha wajibu wake, wala pasitokee madhara yoyote, je, ametenda kosa? Wengi husema kwamba pasipo aliyeumia hapana kosa. Maneno hayo husikika sokoni, shambani na barazani, hata katika nyumba za Wakristu. Mwenye mashua akipakia watu kupita kiasi, kisha akafika ng'ambo ya ziwa, husifiwa kuwa ni fundi hodari. Mwenzake akifanya vivyo hivyo, mashua ikazama, huitwa mwuaji. Lakini wote wawili walitenda jambo lile lile asubuhi ile ile. Kilichowatenganisha ni upepo tu. Je, upepo ndio umfanyao mtu kuwa mwema au mbaya mbele ya Mungu?

Mkatekumeni anayejitayarisha kupokea Ubatizo lazima ajue dhambi huanzia wapi. Kwa hiyo yafaa swali hili lichunguzwe kwa utulivu. Na miongoni mwa kazi za watu wa siku hizi, ni chache zinazolionyesha jambo hili waziwazi kama kazi ya rubani, yaani mtu aendeshaye ndege.

Kazi ya rubani kabla ya kuruka

Watu wa Bukavu wanaujua uwanja wa ndege wa Kavumu, ulioko kaskazini ya mji, mwendo wa kilomita 30 hivi. Kwa miaka mingi ndege zilitoka hapo kwenda Kinshasa, na ndege ndogo zilipeleka watu na bidhaa Shabunda, ambako barabara ni mbovu sana. Mwezi wa Februari 2025 vita vilifika uwanjani hapo, na safari hizo za kawaida zikakatika. Uwanja wenyewe uko juu, mita 1,720 kutoka usawa wa bahari. Huko juu hewa ni nyepesi kuliko pwani. Injini hupungukiwa nguvu, na mabawa hukosa hewa nzito ya kuyabeba. Kwa hiyo ndege huhitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka, na mara nyingi mzigo wake hauna budi kupunguzwa. Tena milima haiko mbali. Mahali kama hapo hapana nafasi ya kubahatisha.

Ndiyo maana kazi ya rubani huanza kabla injini haijawashwa. Kwanza hujichunguza yeye mwenyewe: je, amelala usingizi wa kutosha? Je, ana ugonjwa? Je, amekunywa pombe? Sheria ya Marekani, kwa mfano, humkataza kushika usukani kabla ya saa 8 kupita tangu alipokunywa. Pili, husoma habari za hali ya hewa ya mahali atokapo na ya mahali aendapo. Tatu, huhesabu mafuta: ya kumfikisha aendako, ya kumpeleka kwenye kiwanja kingine ikiwa cha kwanza kimefunikwa na mawingu, na akiba ya mwisho, ambayo kwa ndege za jeti ni ya kukaa angani nusu saa nzima. Nne, hutazama hesabu ya uzito wa watu, mizigo na mafuta. Hutazama pia namna mizigo ilivyopangwa, maana ikilundikwa nyuma kupita kiasi, ndege huinua pua yake na kuanguka.

Kisha huizunguka ndege kwa miguu. Hutazama matairi, breki, mabawa, na vijitundu vya kupimia mwendo, asije akaruka navyo vikiwa vimefunikwa. Katika ndege ndogo hufungua koki chini ya tangi, hukinga mafuta kidogo katika chupa ya kioo, na kuyaangalia kwenye mwanga. Maji ni mazito kuliko petroli, nayo hukaa chini ya tangi. Yakiingia katika injini yaweza kuizima angani. Baada ya hayo huketi mahali pake, na kuusukuma usukani mpaka mwisho wake, mbele na nyuma, kushoto na kulia, ahakikishe kwamba vibao vya mkia na vya mabawa vinamtii.

Mwishowe hushikwa karatasi ya ukaguzi. Katika ndege za abiria marubani ni wawili. Mmoja husoma neno moja moja. Mwenzake hutazama, hugusa, ndipo hujibu. Hata wakiwa wameyasoma maneno hayo mara elfu, huyasoma tena.

Jinsi karatasi hiyo ilivyopata heshima

Tarehe 30 Oktoba 1935, karibu na mji wa Dayton huko Marekani, ndege mpya ya Boeing yenye injini nne ilijaribiwa kwa ajili ya jeshi. Aliyeirusha alikuwa Meja Ployer Hill, rubani wa majaribio mwenye ujuzi mwingi. Ndege hiyo ilikuwa na komeo la kuvifunga vibao vya mkia wakati iliposimama kiwanjani, ili upepo usivipigepige. Siku hiyo komeo halikufunguliwa. Ndege iliinuka, ikapanda kwa ukali, ikaanguka na kuwaka moto. Meja Hill alikufa. Leslie Tower, rubani wa majaribio wa kampuni ya Boeing, alikufa baadaye kwa majeraha yake.

Wenzake hawakuweza kusema kwamba Hill alikuwa mjinga, maana walijua ustadi wake. Walielewa jambo lililo gumu zaidi kukubali, kwamba hata mtu hodari husahau. Basi wakaandika karatasi fupi yenye mambo ya kutazamwa kabla ya kuruka, asiachiwe mtu yeyote kuitegemea kumbukumbu yake peke yake. Karatasi hiyo ni shule ya unyenyekevu. Kila aishikaye hukiri, pasipo kusema neno, kwamba yeye ni kiumbe dhaifu.

Safari 175

Sasa lisikilizwe tukio la pili. Usiku wa tarehe 31 Mei 2014, katika uwanja wa Bedford, jimbo la Massachusetts, ndege ndogo ya jeti ilianza kukimbia ili iruke. Komeo la vibao lilikuwa limefungwa, kama lile la mwaka 1935, ijapokuwa miaka 78 ilikuwa imepita na karatasi ya ukaguzi ilikuwamo ndani ya ndege. Ndege haikuweza kuinuka. Ilipita mwisho wa njia yake, ikatumbukia katika bonde na kuungua. Watu wote 7 waliokuwamo walikufa.

Wachunguzi wa serikali walifungua chombo kilichohifadhi kumbukumbu za ndege hiyo. Wakakuta kwamba katika safari 175 zilizotangulia, marubani hao walikuwa wameacha kuukagua usukani kikamilifu kabla ya kuruka mara 98 katika kila 100. Hawakuwa wanafunzi, walikuwa watu wazoefu walioruka pamoja kwa miaka mingi.

Hapo ndipo swali la kwanza linaporudi. Siku ile ya mwisho kila mtu anaona kosa. Lakini safari zile zilizotangulia, zilizofika salama, je, hazikuwa na kosa? Abiria walishuka, wakachukua mizigo yao, wakaenda zao nyumbani wenye furaha. Hakuna aliyelia. Hata hivyo kila mara uhai wao ulikuwa umewekwa rehani, nao hawakuulizwa. Kilichotendwa siku ya ajali ndicho kilichotendwa siku za amani. Basi ikiwa kulikuwa na kosa siku ya 176, kosa hilo halikuzaliwa siku hiyo. Lilikuwa limekua polepole, na kila safari iliyofika salama ililinyweshea maji.

Yafaa kukumbuka yale ambayo katekisimu hufundisha: ili dhambi iwe ya mauti, jambo lenyewe sharti liwe zito, mtu awe analijua, naye alikubali kwa hiari yake. Madhara yaliyotokea hayakutajwa kati ya hayo matatu. Anayesahau mara moja, huku alijitahidi kukumbuka, hayuko sawa na anayezoea kuacha kwa kuwa ameona hapati hasara. Wa kwanza amepungukiwa na kumbukumbu. Wa pili amepungukiwa na upendo. Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliuhesabu uzembe kuwa ni kinyume cha fadhila ya busara, akafundisha pia kwamba mtu asiyechukua uangalifu unaompasa, na mwenzake akafa kwa sababu hiyo, hawezi kujiondolea hatia ya kifo hicho.

Je, hiyo ni kusema kwamba matokeo si kitu? La. Aliyeleta madhara ana deni ambalo mwenzake hana: lazima awafariji wafiwa, alipe, na kutengeneza kadiri iwezekanavyo. Lakini yule aliyefika salama asijidanganye kwamba ameshinda kesi. Hakuitwa tu mahakamani.

Neno lisilotazamwa

Tarehe 20 Agosti 2008, huko Madrid, Hispania, ndege ya shirika la Spanair ilikuwa tayari kwenda visiwa vya Kanari. Ilikuwa imerudishwa mara moja kwa sababu ya hitilafu ya kifaa cha kupimia joto, na muda ulikuwa umepita. Ilipojaribu kuruka tena, vile vibao vya mabawa vinavyotokezwa ili kuisaidia ndege kuinuka havikuwa vimetokezwa, wala king'ora cha kuwaonya marubani hakikulia. Ndege iliinuka kidogo tu, ikaanguka. Kati ya watu 172 waliokuwamo, 154 walikufa.

Sauti za marubani zilikuwa zimenaswa katika chombo. Katika ukaguzi wa mwisho rubani msaidizi alisikika akikitaja kipimo cha vibao vile, nyuzi 11, kipimo kile kile kilichotakiwa. Kumbe vibao havikuwapo mahali hapo. Kinywa kilisema kilichozoea kusema, na macho hayakutazama.

Hakuna haja ya kudhani kwamba alitaka kudanganya. Naye alikufa pamoja na wenzake. Lakini tukio lake lamfunza kila mtu jambo kubwa. Jibu ni ahadi kwamba aliyejibu ametazama. Mtu akisema "tayari" pasipo kutazama, neno lake halina kitu ndani, kama ganda la karanga iliyoliwa na wadudu. Hapa amri ya tano, inayolinda uhai, inakutana na amri ya nane, inayolinda ukweli. Aghalabu mtu hafikii kuihatarisha ile ya tano kabla hajaizoea kuivunja ile ya nane katika mambo madogo.

Visingizio viwili

Labda mtu atasema, "Ajali haina kinga." Methali hiyo ni ya kweli mahali pake. Yapo maafa yasiyo na mwenye hatia. Tarehe 1 Septemba 2008 ndege ndogo ya misaada iliyokuwa ikija Bukavu iligonga mlima karibu na mji, na watu wote 17 waliokuwamo walikufa. Mkristu akisikia habari kama hiyo huwaombea marehemu. Hakimbilii kutafuta wa kumhukumu, maana Mungu peke yake ajua mioyo. Lakini wazee waliosema kwamba ajali haina kinga ndio hao hao waliosema, "Tahadhari kabla ya hatari." Methali ya kwanza ni ya kuwafariji waliokwisha kufanya wajibu wao. Haikutungwa ili iwe mto wa kulalia mvivu.

Tarehe 8 Januari 1996 ndege ya mizigo iliyopakiwa kupita kiasi ilishindwa kuinuka katika uwanja wa Ndolo mjini Kinshasa, ikaingia sokoni palipojaa watu, ikaua zaidi ya 200. Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua iliyotoka Minova, imejaa kupita kiasi, ilizama karibu na bandari ya Kituku mjini Goma, na watu wengi wakafa mbele ya macho ya ndugu zao waliowangoja. Kuyaita mambo hayo "kazi ya Mungu" ni kumsingizia Mungu kazi ya wanadamu. Tena katika mambo kama hayo si nahodha peke yake anayepaswa kujichunguza. Anayeficha kilo za mzigo wake ili asilipe, anayempa karani kitu kidogo ili aandike uzito wa uwongo, abiria anayelazimisha kupanda mahali palipojaa, kila mmoja huweka jiwe lake juu ya kichwa cha jirani.

Wa pili atasema, "Tumesali, Mungu atatulinda." Kusali kabla ya safari ni jambo jema na la lazima. Kanisa lenyewe limewapa marubani msimamizi: mwaka 1920 Papa Benedikto XV alimtangaza Bikira Maria wa Loreto kuwa mlinzi wao. Lakini sala si badala ya kutazama matairi. Injili yasimulia kwamba shetani alimpandisha Bwana Yesu juu ya mnara wa hekalu, akamwambia ajitupe chini, kwa kuwa malaika wangemdaka. Bwana alikataa, akasema haifai kumjaribu Mungu. Basi mtu anayeacha kwa makusudi wajibu anaouweza, kisha akamtaka Mungu aufanye badala yake, asidhani kwamba ana imani kubwa. Anarudia neno la yule aliyesimama juu ya mnara. Wale wanawali watano wenye busara walimngoja bwana arusi kwa matumaini, na mafuta walichukua.

Mambo haya na mkatekumeni

Huenda mkatekumeni wa kijijini aseme kwamba mambo ya ndege hayamhusu. Lakini wako watu wengi walioweka uhai wao mikononi mwake pasipo kumchunguza. Kijana wa pikipiki anayeteremka vilima vya Bukavu na abiria mgongoni, anajua au hajui hali ya breki zake? Mwuguzi anayehesabu vidonge, amesoma jina la dawa au ameizoea rangi yake? Aliyechimba kisima, amekifunika kabla ya jioni? Mjenzi, amechanganya saruji ya kutosha ndani ya ukuta ambao watoto wa watu watalala chini yake? Abiria haoni tangi la mafuta. Mgonjwa hasomi lebo ya chupa. Mtoto hapimi ukuta. Kwa kuwa hawawezi kukagua wenyewe, anayekagua kwa ajili yao huwapenda, hata kama hatajua majina yao. Upendo wa namna hii hauna sifa. Hakuna mtu aliyepata kumshukuru rubani kwa ajali ambayo haikutokea. Lakini Baba aonaye sirini huuona.

Na liko jambo lililo karibu zaidi. Siku ya Ubatizo padri atasimama mbele ya mkatekumeni, naye atauliza maswali, moja baada ya moja: kama anamkataa shetani na kazi zake, kama anamsadiki Mungu Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Maswali hayo hayaulizwi kwa kuwa padri hajui majibu. Majibu yameandikwa kitabuni, na darasa lote limeyakariri. Yanaulizwa ili anayejibu atazame moyoni mwake kabla ya kujibu. Anayesema kwamba anamkataa shetani, huku hirizi bado imefichwa chini ya kitanda, au deni la ng'ombe wa mjane limekanwa, au mwanamke wa pili bado amewekwa kando ya kijiji, huyo amekitaja kipimo pasipo kuvitazama vibao.

Ndiyo maana Kanisa halimbatizi mtu mzima kwa haraka, wala halimwachi peke yake. Limempa wakati wa mafundisho, ili aizunguke roho yake pande zote. Limempa msimamizi, awe kama rubani wa pili, mwenye haki ya kumwuliza, "Umetazama kweli?" Limemfundisha kuchunguza dhamiri kila jioni kabla ya kulala, hata jioni ambayo hakuna baya lililotokea, wala mtu aliyelalamika. Jioni kama hiyo ndiyo yenye faida kuliko nyingine. Siku ya msiba dhamiri huamshwa na kilio cha watu; siku ya amani lazima mtu aiamshe mwenyewe, ajiulize si tu ni nani aliyeumia leo, bali ni nani ambaye angaliweza kuumia kwa ulegevu wake.

Maswali ya kuzungumzwa darasani

1. Wenye mashua wawili walipakia watu kupita kiasi siku moja. Mmoja alifika, wa pili alizama. Je, hatia yao mbele ya Mungu ilianza wakati gani? Ni deni gani alilo nalo wa pili ambalo wa kwanza hana?

2. Kuna tofauti gani kati ya kusahau na kuzoea kuacha?

3. Mtu aliyeombwa na ndugu yake amfichie uzito wa mzigo, je, amjibu nini?

4. Ni watu gani kijijini wanaotegemea kazi ambayo hawawezi kuikagua wenyewe? Nani anaikagua kwa ajili yao?